Miti Ishirini na Saba ya Zizi la Maige

Ukimwuliza mtu wa kijiji cha barabarani habari za Anisia, atakuuliza Anisia yupi. Sema Mama Thobias, hapo utapelekwa mpaka mlangoni. Jina hilo alilipata alipojifungua mtoto wake wa kwanza, na akaendelea kulibeba baada ya surua kumchukua mtoto huyo akiwa na miaka minne tu, mwaka wa sabini na mbili. Alizaa wengine watatu, wakakua, wakaenda shule, lakini jina halikuhama. Kisimani Mama Thobias, shambani Mama Thobias, kanisani Mama Thobias. Kila siku ya Mungu aliitwa kwa jina la mtoto ambaye yeye mwenyewe hakujua amelala wapi.

Walimzika Igunzu, walikokaa wakati ule, nyuma ya nyumba, upande wa kijito. Mama mkwe wake, Bibi Lukresia, alitembea kutoka Masumbwe akiwa na fimbo ya mrumba begani, nene kama mkono wa mtu mzima. Mrumba ni ule mti ambao wazee waliubandua gome, wakaligonga kwa nyundo za mti mpaka likawa nguo. Lukresia hakuipanda fimbo yake siku ile. Aliilaza kivulini siku tatu, mpaka maziwa yake meupe yakakauka pale ilipokatwa, ndipo akaichimbia kichwani pa kaburi.

Katekista Pantaleo hakupenda. "Mama, haya si mambo ya mizimu?"

"Msalaba wako wa mbao utaliwa na mchwa kabla ya Pasaka," akamjibu. "Wangu haumwogopi mchwa. Funga kijiti chako hapa katikati, upate msalaba unaoota."

Pantaleo alikuna kichwa, kisha akafunga.

Miaka miwili baadaye likaja agizo la kuhamia vijijini. Lori lilifika asubuhi, watu wakapakia vitanda, vyungu na kuku, na jioni walikuwa kando ya barabara kuu, wanagawiwa viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Anisia hakupata hata nafasi ya kupiga goti. Mwanzoni kurudi kwenye mahame kulikatazwa. Halafu mume wake, Clemens, akaipeleka familia upande wa Geita kulima pamba kwa shemeji yake, wakakaa huko miaka sita. Waliporudi kijiji cha barabarani, mwaka wa themanini na mbili, hakuna aliyekatazwa tena kwenda popote. Anisia akafunga khanga kiunoni akaenda Igunzu, mwendo wa saa tatu kwa mguu.

Nyumba ilikuwa imeyeyuka kwa mvua, haina hata alama ya msingi. Mahali pake palikuwa na zizi la ng'ombe. Na zizi lenyewe, jamani, halikuwa zizi kama mazizi mengine. Lilikuwa na majani.

Mwenye zizi aliitwa Maige, au Baba Nkwabi, Msukuma wa Kishapu, mrefu, mwenye kikohozi na maneno mengi. Alikuja na ng'ombe wake kutafuta malisho, akakuta bonde halina mtu. Kwao Kishapu nguzo ya zizi ni mti mkavu, na ukiisimamisha imekufa. Alipoona mrumba mkubwa umeangushwa na upepo kule kijitoni, akakata nguzo zake zote humo humo, akazichimbia zikiwa mbichi. Mvua ziliponyesha, nguzo zikatoa vichipukizi.

"Nilifikiri nimelogwa," alimwambia Anisia siku hiyo, akicheka mpaka akakohoa. "Ninaamka, mwangaluka, kumekucha, ninakuta zizi langu limevaa nguo! Mke wangu akasema tuhame. Nikamwambia, mayu, mama yangu, ng'ombe wamepata kivuli, tuhame twende wapi?"

Anisia hakucheka. Alikuwa anahesabu. Ilikuwa miti ishirini na saba kwa mduara, yote imelingana, kwa maana Maige aliikata vichwa ili zizi lipendeze.

"Ulipokuja hapa, Baba Nkwabi," akauliza polepole, "hukukuta mrumba uliokwisha kuota?"

"Nilikuta miwili mitatu, mabaki ya ua. Nikaiunganisha humo humo. Mti ukishasimama wenyewe, utaung'oa wa nini?"

"Ni ipi?"

Maige akaizungukia miti yake kwa macho. Kicheko kikamwishia. "Miaka saba hii, mayu. Sikumbuki."

Anisia akamweleza. Alimweleza yote, ya surua, ya Bibi Lukresia na ya lori. Mke wa Maige, Mama Nkwabi, aliyekuwa anakamua, akaacha kukamua. Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye samadi inayofika kwenye vifundo vya miguu, na mahali fulani chini ya samadi hiyo alikuwapo Thobias.

Tangu siku hiyo Anisia hakutulia. Akipika, ugali unaungua. Akisali rozari, anafika fungu la tatu halafu hajui kama amelisali la pili. Tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, Pantaleo alipozunguka na maji ya baraka kwenye makaburi ya kijiji, kila mama akiwa amesafisha kaburi lake na kuliwekea maua, Anisia alisimama pembeni na maua mkononi kama mgeni aliyefika harusini bila kualikwa. Mwisho akayaweka kwenye kaburi la mtoto wa jirani.

Kila baada ya wiki mbili alikwenda Igunzu. Aligusa miti mmoja mmoja. Alitafuta alama ya kamba ya kile kijiti cha Pantaleo, asione. Alipima unene kwa kipande cha khanga, lakini mbuzi walikuwa wametafuna huu na ng'ombe wamejikuna kwenye ule, vipimo visimwambie kitu. Njiani aliokota makuyu chini ya mikuyu ya kijito, yale yanayojibandika kwenye shina vishada vishada, anayapasua, anapuliza wadudu, anakula akitembea. Hakuwa na saa ya kukaa.

Clemens alikuwa mtu mpole, lakini jambo la Igunzu lilimwamsha vingine.

"Litafute kaburi," alimwambia mke wake. "Ukilipata, tunarudi. Bonde lile linazaa mpunga. Kwetu kaburi ndiyo hati. Huyo bwana wa ng'ombe ataonyeshwa alipolala mtoto wetu, naye atafunga mizigo yake."

"Mimi sitafuti shamba, Baba Thobias."

"Wewe tafuta kaburi. Shamba litajileta lenyewe."

Hapo ndipo wasiwasi wake ukawa wa pande mbili. Asipolipata, mtoto anakanyagwa. Akilipata, Maige anafukuzwa. Na Maige, kwa desturi za pale pale, alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji bila kukusudia, maana Wasumbwa, wenyeji wa nchi ile, wanajua kwamba anayepanda mrumba langoni ameamua kukaa. Watu waliopita njia walianza zamani kumwita mwenye Igunzu. Yeye aliyetaka nguzo tu alikuwa amejipandia kwao.

Januari ya themanini na nne, Anisia alikwenda Masumbwe kwa Bibi Lukresia. Alimkuta jikoni anapepeta mtama, masikio yamekuwa mazito, ulimi haujapungua hata kidogo.

"Mmemlaza mjukuu wangu na ng'ombe!" akapaza sauti hata kabla ya kupokea shikamoo. "Nilisikia. Kiziwi mimi, lakini mabaya nayasikia yote."

"Nisaidie, mama. Miti yote ni mirumba. Nitaujuaje wetu?"

"Ehe?"

"Nitaujuaje wetu!"

Lukresia akatikisa ungo, makapi yakaruka. "Wewe ulisoma kwa masista, hawakukufundisha? Kila mrumba una mwezi wake. Mmoja unaiva jirani yake amelala. Lakini fimbo hufuata mwezi wa mama yake, hata uipeleke wapi. Huu wangu hapo nje, nilikoikata ile fimbo, huiva mwezi wa kumi, kabla ya mvua kushika. Ndege wale ninga wanajaa mpaka siwezi kulala. Kaangalie nani anaiva mwezi wa kumi."

Ni kweli Anisia alisoma kwa masista, Ushirombo, mpaka darasa la nne. Uani kwa mapadre ulikuwapo mtini wa Ulaya, mfupi, majani kama kiganja, na tini zake laini kama mfuko uliojaa asali. Sista aliwaambia huo ndio wa kwenye Injili, na mkuyu wa kijitoni ni ndugu yake, ule aliopanda Zakayo, na mrumba ni ndugu yao wa tatu. Yote ina maziwa, na yote huficha maua yake ndani ya tunda. Wasichana walicheka, maana mrumba waliujua kuwa mti wa nguo za mababu, na matunda yake ni madogo kama punje za rozari, chakula cha ndege. Nani angedhani una ndugu kwenye Injili?

Akarudi mbio. Lakini alipofika Igunzu akakumbuka jambo. Miti ya Maige haikuwa imezaa hata siku moja. Kila kiangazi Maige aliikata matawi kulisha ndama, na tawi changa la mrumba halizai.

"Baba Nkwabi, nina ombi."

"Sema, mayu."

"Mwaka huu usikate matawi."

Maige akawatazama ndama wake. "Unajua unachoniomba? Kiangazi kikibana, ndama wangu wanaishi kwa majani hayo."

"Najua."

"Na ukilipata kaburi, watu wa mume wako watanifanya nini?"

Anisia angeweza kusema hawatakufanya kitu. Neno lilikuwa karibu kabisa. Lakini hakuzoea kusema asilolijua.

"Mume wangu anataka bonde," akasema. "Mimi nataka kaburi. Zaidi ya hapo sijui, ndugu yangu."

Mama Nkwabi akaguna kutoka mlangoni. "Mgeni wako angalau angekudanganya kidogo, ukakubali kwa raha."

Maige akapiga kofi inzi shingoni kwake. "Nitaona," akasema. Hilo ndilo jibu alilorudi nalo Anisia.

Mwezi wa sita Mama Nkwabi alituma ujumbe kwa mtu aliyepita na baiskeli: miti inazaa. Anisia aliacha karanga juani akaenda. Kweli, matawi yalijaa matunda ya njano, madogo, na mbuzi walikuwa chini wanaokota. Akazunguka zizi akihesabu. Ishirini na minne ilikuwa imeiva kwa pamoja, kama watoto wa mama mmoja wanaoitwa kula. Ndiyo ile ya mti wa kijitoni. Mitatu haikuwa na kitu. Mmoja upande wa machweo, mmoja karibu na birika la ng'ombe, mmoja ulikuwa nguzo ya lango.

"Mitatu," akamwambia Maige.

"Nimeiona," Maige akajibu. Alikuwa ameiona kabla yake, na hakufurahi.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Nyasi zilikwisha mwezi wa nane, ng'ombe wakawa wanatafuna mabua makavu. Anisia alilala huku anasikiliza, kana kwamba panga la Maige lingesikika mwendo wa saa tatu. Akijigeuza, Clemens anauliza, "Bado?" Naye anajibu, "Bado." Alianza kusali novena kwa ajili ya mvua, kisha akasita katikati, maana mvua ikiwahi ndama watapona, lakini huenda ikaharibu matunda. Akamwambia Mungu achague mwenyewe, yeye ameshindwa.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa hakuweza kungoja. Alikwenda. Alipotokeza kwenye kichuguu kinachoitazama Igunzu, aliona zizi jeupe. Matawi yamekatwa, yamebaki mashina na vidonda vinavyotoa maziwa. Akaketi chini pale pale njiani, akaweka mkono mdomoni.

Halafu akatazama vizuri. Wa upande wa machweo ulikuwa na majani. Wa birikani ulikuwa na majani. Wa langoni ulikuwa na majani.

Alipofika, Maige alikuwa anawatupia ndama matawi. Mmoja alikuwa amelala, hasimami tena. Hakumtazama Anisia.

"Ishirini na minne haikutosha," akasema. "Huyu atakufa leo au kesho."

"Baba Nkwabi..."

"Usinishukuru. Ukinishukuru nitaikata."

Kwa hiyo hakumshukuru. Aliinama akamsaidia kuvuta matawi, na maziwa ya mrumba yakamnata vidoleni siku mbili.

Ndama alikufa. Mwezi wa kumi ukaingia, mawingu yakawa yanapita juu bila kusema kitu. Jumamosi moja, Anisia alifika Igunzu jua linapanda, akasikia kelele kabla ya kuona. Ninga, wale njiwa wa kijani, walikuwa wamejaa kwenye mti mmoja, wanasukumana, wanaangusha matunda mekundu chini. Wa machweo ulikuwa mtupu. Wa birikani ulikuwa mtupu.

Ulikuwa ule wa langoni. Kila asubuhi na kila jioni, kwa miaka tisa, ng'ombe wote wa Maige walipita hapo, bega kwa bega, juu ya mwanawe.

Maige alikuwa amesimama upande wa pili wa lango, fimbo imelala mabegani. Walitazamana. Ng'ombe ndani walikuwa wanalalamika kwa sababu muda wa kutoka ulikuwa umepita.

"Wapitishe," Anisia akasema mwishoni. "Wana njaa."

"Siwezi," Maige akajibu.

Siku hiyo ng'ombe walitoka kwa kurukishwa ukuta wa miiba kwa nyuma, mmoja mmoja, kwa matusi mengi.

Nyumbani Clemens alimsoma usoni hata kabla hajatua kikapu. "Umelipata."

"Nimelipata."

"Wapi?"

Anisia akavua kandambili, akapangusa vumbi miguuni, akazipanga mlangoni. Katika miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kumnyima mume wake jibu.

"Sikuambii, Baba Thobias."

"Nini?"

"Amemwacha ndama wake afe ili mimi nimwone mtoto wangu. Ukienda kule kumfukuza, utakwenda bila mimi, na utahesabu miti mwenyewe. Ukitaka kwenda kwa mtoto, nitakupeleka."

"Unanifungia kaburi la mwanangu?"

"Nakuomba." Sauti yake ilikuwa ndogo kama siku zote. "Nakuomba, nami sitaondoa ombi langu."

Clemens alitoka nje. Aliondoka akaenda kwa kaka zake, akakaa huko siku kadhaa, na Anisia hakujua wanapanga nini. Alipika chakula cha watu wote kama kawaida, na jioni akamwaga sehemu ya mumewe kwa kuku.

Tarehe mbili Novemba aliamka, akachukua jembe, maua ya rangi ya machungwa ya uani kwake na chupa ya maji ya baraka aliyopewa na Pantaleo. Clemens alikuwa amerudi usiku, amelala akiutazama ukuta. Hakumwamsha. Alifika Igunzu peke yake na kukuta jambo ambalo hakuliomba. Lango lilikuwa limehamishwa upande wa machweo. Pale palipokuwa na lango, Maige alikuwa ameng'oa miti minne kila upande, akarudisha ua nyuma kama nusu duara, mrumba wa Lukresia ukabaki nje ya zizi, peke yake. Samadi ilikuwa imezolewa mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Ng'ombe hawakuelewa. Walikuwa wamesongamana kwenye ua, mahali walipozoea kutokea, wakisukuma kwa vifua.

"Wataizoea njia mpya," Mama Nkwabi alisema, akimpokea jembe. "Ng'ombe ni kama wanaume, unawarudisha mara saba."

Anisia alipiga magoti. Alilima kidogo, akakusanya udongo ukawa tuta fupi, fupi la kutosha mtoto wa miaka minne. Alipokuwa anapanga maua alisikia hatua njiani, akazijua. Clemens alikuwa amemfuata, amevaa koti lake la kanisani, na nyuma yake walikuwa kaka zake wawili. Maige naye aliwaona, akatoka, akasimama katikati ya uwanja wake, fimbo mkononi, na kikohozi kikamshika vibaya.

Clemens alilitazama tuta. Akautazama mrumba, na ninga wachache waliobaki juu. Akatazama mashimo mapya manane pale nguzo zilipong'olewa, na ng'ombe waliobanana upande usio na lango. Kaka yake mkubwa akamgusa kiwiko amwambie kitu. Clemens akautoa mkono ule taratibu.

Hakuna aliyemzuia kuingia. Ilikuwa ardhi ya baba yake, hapakuwa na mlango wala ukuta, na kaburi lilikuwa hatua kumi tu mbele yake. Hata hivyo alisimama palepale ukingoni mwa uwanja, akavua kofia.

"Hodi," akasema.

Maige alichelewa kujibu, mpaka mke wake akamtazama.

"Karibu," akasema.